Ranchi ya Ng'ombe Iliyogeuka Kuwa Makao ya Faru

Asubuhi moja nilikuwa gatini Nyamisati. Watu walikuwa wengi. Walikuwa wakisubiri boti ya Mafia. Wengine walikuwa na magunia, wengine na kuku, wengine na watoto mgongoni. Mimi sikuwa msafiri wa Mafia. Nilikuwa nasubiri mtumbwi wa kunivusha, nikaone mashamba ya mpunga ndani ya delta.

Mzee mmoja mkulima alikaa karibu nami. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Bwana shamba, usiku wa juzi kiboko aliingia shambani kwangu. Robo eka imekwisha. Alichokula ni kidogo. Alichokanyaga ndicho kingi."

Nilimpa pole. Akaendelea, "Ng'ombe akila mpunga wangu najua pa kwenda. Namtafuta mwenye ng'ombe, tunakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ananilipa. Je, huyu kiboko mwenyewe ni nani?"

Watu walicheka. Kijana mmoja akadakia. Alisema amesikia kwamba huko Kenya kuna Wazungu wenye wanyama wao. Wamewazungushia uzio kama mbuzi.

Mzee akanigeukia. "Ni kweli hayo, bwana shamba? Mtu mmoja anaweza kuwa mwenye tembo?"

Mtumbwi ulifika kabla sijamjibu vizuri. Kwa hiyo namjibu hapa, na nyinyi wasomaji msikie. Yule kijana alisema kweli, lakini nusu. Mahali hapo papo, panaitwa Lewa. Ni vizuri tuijue habari yake tangu mwanzo.

FAMILIA YAFIKA LEWA

Lewa iko kaskazini ya Mlima Kenya, karibu na miji ya Meru na Isiolo. Ni nchi ya nyasi na migunga. Ni nchi kavu. Haina mto mkubwa unaofurika na kuleta tope la rutuba kama mto wetu wa Rufiji. Nchi ya namna hiyo inafaa kwa mifugo zaidi kuliko jembe. Tangu zamani wafugaji walipita huko na ng'ombe wao, wakifuata maji na majani.

Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha mwaka 1918. Serikali ya Kiingereza ilitaka kuwatuza askari wake waliopigana. Ikawagawia mashamba makubwa huko Kenya. Wenyeji hawakuulizwa. Wamasai walikuwa wamekwisha kuhamishwa kutoka Laikipia, jirani na Lewa, kati ya mwaka 1911 na 1913.

Mwaka 1922 familia ya Kiingereza ya Douglas ilianza kufuga ng'ombe Lewa. Baadaye binti wa familia hiyo, Delia, aliolewa na David Craig. Ranchi ikawa mikononi mwa akina Craig.

Wengi wanaosimulia habari za Lewa huanza na mambo mazuri ya baadaye. Huruka huu mwanzo. Mimi sipendi kuuruka. Mkulima yeyote anajua kwamba shamba lina historia, na historia hiyo haifutiki kwa sababu shamba limetunzwa vizuri.

Kwa miaka zaidi ya 50 kazi ya Lewa ilikuwa ng'ombe. Sasa fikiri kama mfugaji. Pundamilia anakula majani yale yale anayokula ng'ombe. Simba anamla ng'ombe mwenyewe. Wenye ranchi wengi waliwaua wanyama hao au waliwafukuza. Familia ya Lewa iliwaacha wengi wakae. Baadaye ikaanza kupokea watalii wanaokuja kuwatazama. Fedha za ng'ombe ziliingia, na fedha za watalii zikaingia kidogo kidogo.

Kenya ilipata uhuru mwaka 1963. Mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa yakagawiwa wananchi. Lewa haikugawiwa. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji. Tangu hapo mwenye ranchi hakuweza kupata fedha kwa kuwindisha wageni. Alibaki na njia mbili: kufuga, au kuonyesha wanyama wakiwa hai.

PEMBE YALETA MAUTI

Wakati huo faru walikuwa wakiisha.

Pembe ya faru si mfupa. Imefanyika kwa kitu kile kile kilichofanya kucha zetu na nywele zetu. Ukikata kucha zako ukazisaga, umepata unga wa aina ile ile. Lakini huko Asia ya Mashariki watu waliamini kwamba pembe hiyo ni dawa. Na huko Yemen pembe ilitengenezwa mipini ya jambia. Sisi watu wa pwani tunalijua jambia. Katika miaka ya 1970 vijana wengi wa Yemen walipata kazi na fedha katika nchi zenye mafuta. Kila mmoja akataka jambia la mpini wa pembe. Bei ikapanda. Bunduki zikaingia porini.

Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Hesabu hiyo ni kama kijiji chenye watu 1,000 kibaki na watu 20 tu.

Kwetu hali haikuwa nzuri zaidi. Wazee wa Rufiji wanaotoka upande wa Selous wanawakumbuka faru. Inakadiriwa katika miaka ya 1970 Selous ilikuwa na faru 3,000 hivi. Majangili wakawamaliza, wakabaki wachache sana. Tembo nao walipungua. Mwaka 1976 walihesabiwa wapatao 109,000. Mwaka 2013 walikuwa kama 13,000. Sehemu kubwa ya pori hilo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu mwaka 2019.

MAMA WA FARU

Mwaka 1983 mama mmoja Mwingereza, jina lake Anna Merz, alikwenda kwa akina Craig. Alikuwa ameishi Ghana miaka mingi, kisha akahamia Kenya kupumzika uzeeni. Hakupumzika. Alikuwa ameona mizoga ya faru iliyokatwa pembe. Aliomba apewe kipande cha ranchi azungushe uzio, na faru walindwe humo. Gharama angelipa yeye.

Familia ilikubali. Ilitenga eka 5,000 upande wa magharibi.

Kisha ikaja kazi ngumu ya kuwatafuta faru. Kaskazini ya Kenya walikuwa wamebaki mmoja mmoja, wametawanyika. Kila mmoja alikuwa akisubiri zamu yake ya kuuawa. Walichomwa sindano ya usingizi, wakapakiwa kwenye lori, wakaletwa Lewa. Wengine waliletwa kutoka hifadhi nyingine. Faru hawakufa kwa huzuni kama watu walivyoogopa. Walizoea, wakazaa.

Mwaka 1985 faru mmoja alizaa ndama jike akamkataa. Wafugaji wanajua jambo hili. Hata mbuzi hufanya hivyo. Mama Merz alimchukua ndama huyo akamwita Samia. Alimlea nyumbani kwake. Alimpa maziwa kwa chupa, usiku na mchana. Ndama alipokua alimfundisha kula miti, maana faru mweusi hula majani ya miti na vichaka, hali nyasi kama ng'ombe. Samia akarudi porini. Lakini hakumsahau mlezi wake. Alikuwa akija getini kumsalimu.

Baadaye Samia alipata dume wa porini, naye akazaa. Habari hii haina mwisho mwema. Samia na ndama wake waliporomoka kwenye genge wakafa wote wawili. Mama Merz mwenyewe alifariki mwaka 2013.

RANCHI YOTE YATOLEWA

Faru wakaongezeka, eka 5,000 zikawa ndogo. Eneo likapanuliwa. Miaka kumi hivi baada ya kuanza, familia ilifanya uamuzi mkubwa zaidi. Ilitoa ranchi yote iwe ya wanyama. Msitu wa serikali wa Ngare Ndare, ulio jirani, uliunganishwa nayo. Jumla yake ni eka 62,000 hivi. Eka hizo ni sawa na mraba wenye kilomita 16 kila upande. Ukianza asubuhi kuuzunguka kwa miguu, jua litakuchwa hujamaliza.

Mwaka 1995 kilianzishwa chombo kipya, Hifadhi ya Wanyamapori ya Lewa. Chombo hicho hakigawi faida. Kina bodi yake inayokisimamia. Ian Craig, mtoto wa David na Delia, alikuwa kiongozi wake wa kwanza. Ranchi iliyokuwa ya baba, mama na watoto ikawa na mkutano, na hesabu za fedha zikawa za kuonyeshwa watu.

Hapa ndipo napenda mzee wangu wa gatini asikilize. Hata wakati ranchi ilikuwa ya familia, faru hawakuwa wa familia. Tembo hawakuwa wao. Sheria ya Kenya inasema wanyama wa porini ni mali ya taifa, hata kama wamesimama katika ardhi ya mtu. Familia ilikuwa na ardhi, nyumba, ng'ombe na uzio. Haikuwa na ruhusa ya kuuza faru hata mmoja. Faru alipohamishwa, Serikali ndiyo iliyoamua.

UZIO WENYE MLANGO

Mimi ni mtu wa mashamba, kwa hiyo kilichonivutia sana ni ule uzio.

Una urefu wa zaidi ya mita mbili kwenda juu, na una umeme. Kazi yake ni mbili. Kwanza, kumlinda faru asitoke akakutana na jangili. Pili, kumzuia tembo asiingie katika mahindi ya majirani. Kazi hii ya pili ni muhimu sana. Jirani aliyepoteza mahindi hawezi kumpenda tembo. Hata akipewa semina kumi hawezi.

Lakini tembo ni msafiri. Ukimfungia mahali pamoja atamaliza miti yote. Basi upande wa kaskazini wameacha mianya. Katika mianya hiyo wamepanga mawe na nguzo fupi. Tembo ana miguu mirefu, anapita. Pundamilia na twiga wanapita. Faru ana miguu mifupi, anashindwa, anarudi ndani. Hakuna mlinzi anayefungua wala kufunga. Nyayo za wanyama huangaliwa kila siku ili ijulikane nani ametoka na nani ameingia.

Upande wa kusini kulikuwa na tatizo jingine. Njia ya zamani ya tembo ya kwenda Mlima Kenya ilikuwa imekatwa na mashamba na barabara kuu. Wenye mashamba makubwa walikubali kutoa ukanda wa ardhi. Chini ya barabara ikajengwa njia kama karavati, lakini kubwa ya kumtosha tembo. Mwaka 2011 tembo walianza kuitumia. Magari yanapita juu, tembo wanapita chini. Mwaka 2013 Lewa na msitu wa Ngare Ndare viliingizwa pamoja na Mlima Kenya katika Urithi wa Dunia.

Ulinzi wa faru unafanywa na watu wa miguu. Askari hutoka asubuhi kuwatafuta faru mmoja mmoja. Faru wengi wamekatwa alama masikioni, kama wafugaji wanavyotia alama ng'ombe wao. Askari akiona sikio anajua huyu ni fulani. Asipomwona, msako unaanza.

Hata hivyo majangili waliingia. Kwa miaka mingi Lewa haikupoteza faru kwa risasi. Halafu kuanzia mwisho wa mwaka 2009 hadi 2013 waliuawa kadhaa. Bei ya pembe ilikuwa imepanda tena. Lewa ikaongeza askari na mbwa wa kunusa. Mwaka 2014 iliondoa uzio kati yake na jirani yake Borana, ambayo nayo ni ranchi ya familia. Siku hizi faru weusi na weupe katika sehemu hizo mbili ni zaidi ya 200. Nchi nzima ya Kenya sasa ina faru weusi zaidi ya 900.

MAJIRANI

Kando ya Lewa wanaishi Wamasai wa Il Ngwesi. Hawa ni wafugaji. Mwaka 1996, kwa msaada wa Lewa, walifungua nyumba yao ya wageni katika ardhi yao wenyewe. Wageni wakilala, fedha zinakwenda kwa jumuiya. Zimelipia shule, dawa na mishahara ya walinzi ambao ni vijana wao wenyewe. Kaskazini zaidi, Wasamburu wa Sera walipelekewa faru mwaka 2015. Faru walikuwa wamekwisha huko kwa miaka mingi. Sasa wanalindwa na wenyeji.

Lewa yenyewe inasaidia shule, zahanati na maji katika vijiji vya jirani. Tangu mwaka 2000 kuna pia mbio ndefu za kila mwaka za kuchangisha fedha. Watu wanakimbia katikati ya mbuga, na helikopta inaangalia kutoka juu wasije wakakutana na simba. Mimi mbio hizo sizitaki, hata kwa zawadi.

Mfano wa Lewa ukaenea. Jumuiya nyingi za wafugaji kaskazini ya Kenya zimeanzisha hifadhi. Lakini si wote wanaofurahi. Wapo wanaosema kwamba malisho yao yamefungwa na hawakuulizwa sawasawa. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2025 mahakama ya ardhi huko Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili katika eneo hilo zilianzishwa bila kufuata sheria, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hizo si Lewa. Lakini kesi hiyo inakumbusha mambo ya mwaka 1922.

NA SISI RUFIJI?

Kwetu Tanzania familia haiwezi kuwa na pori kama Lewa. Ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Wanyama nao ni wa taifa. Lakini kijiji kina ardhi yake, na vijiji vinaweza kuungana kutenga eneo la wanyama na kupata fedha humo. Huku Rufiji tunao mfano. Vijiji vya Ngarambe na Tapika vina jumuiya yao iitwayo MUNGATA. Ngorongo, Utete na Mwaseni wana JUHIWANGUMWA.

Kwa hiyo jibu la mzee ni hili. Kiboko ana mwenyewe. Mwenyewe ni taifa, maana yake wewe na mimi na yule kijana aliyecheka. Ndiyo maana huwezi kwenda kwa mwenyekiti kudai ulipwe na mwenye kiboko. Kuna kifuta jasho kwa mkulima aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa waliouliwa ndugu. Si fidia kamili. Jina lenyewe linaeleza: unafutwa jasho, shamba halirudi. Hata hivyo usiache kutoa habari. Nenda ofisi ya kijiji mapema, kabla nyayo hazijafutika, ili afisa aje kupima uharibifu. Wengi wanakuja kwangu baada ya wiki mbili, mvua imekwisha kunyesha, hakuna cha kuonyesha.

Jambo la uzio wa umeme tusijidanganye nalo. Ni ghali, na tope letu na maji yetu ya kujaa na kupwa vingeuangusha. Sisi tuna dungu. Mkulima analala juu ya dungu, anapiga debe, anafukuza nguruwe na kiboko. Lakini dungu lina hatari zake. Kati ya mwaka 2002 na 2004 simba waliwaua watu wasiopungua 35 katika Rufiji. Simba mmoja aliuawa Aprili 2004, akakutwa na jino bovu lenye usaha. Wataalamu waliochunguza mashambulizi ya simba katika mikoa ya kusini waliona jambo moja. Simba hushambulia zaidi wakati wa mavuno, mahali penye nguruwe wengi. Nguruwe anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na katikati yao amelala mtu. Kwa hiyo dungu liwe juu, liwe na mlango, na ngazi ipandishwe usiku. Kichaka kilicho karibu kifyekwe.

Wiki iliyofuata nilimtembelea yule mzee shambani. Nilimweleza habari ya Lewa kama nilivyoieleza hapa. Alisikiliza kimya. Habari ya familia na ranchi haikumshangaza sana. Habari ya Samia ilimfanya acheke. Lakini nilipofika kwenye mianya ya uzio alinisimamisha.

"Rudia hapo," akasema. Nikarudia.

"Yaani wale waliangalia kwanza tembo anapita wapi?"

"Ndiyo, mzee."

Alinyanyuka, akachukua panga, akaniambia nimfuate. Tulitembea ukingoni mwa mto tukitafuta njia za viboko. Kiboko ni mnyama wa mazoea, hupanda na kushuka njia ile ile mpaka inakuwa mfereji. Tulikuta tatu. Mbili zilipita kando ya mashamba. Ya tatu ilikwenda moja kwa moja kwenye ile robo eka yake.

"Kipande hiki nilikifyeka mwaka juzi," akasema. "Marehemu baba hakulima hapa. Nilidhani alikuwa mvivu."

Tulikata vijiti tukavichomeka pande zote mbili za njia hiyo, hatua nane upana. Msimu huu ameacha nafasi hiyo bila mpunga. Dungu lake amelihamishia upande wa juu, ambako anaiona njia yote.